Klachi ya Kombi Kuukuu: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli

Injini ilikuwa imelazwa juu ya tairi bovu, na fundi alishika presha pleti mpya akiigeuzageuza mikononi. Matundu ya boliti yalikataa kukutana na matundu ya flaiwili. Akaijaribu upande huu, akaijaribu upande ule, kisha akaiweka chini taratibu na kunitazama bila kusema neno. Kadi ya gari iliandikwa 1973, nami niliagiza seti ya klachi ya 1973. Muuzaji aliniuliza mwaka tu, nikamjibu mwaka tu. Seti iliyofika ilikuwa ya milimita 200, na flaiwili iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ya milimita 215. Kwa tofauti hiyo, isiyozidi upana wa kidole gumba, kombi ilikaa wiki sita uani bila injini.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyasikiliza kwa makini maneno tunayoambiana kuhusu klachi za magari haya. Mengine ni ya kweli kabisa. Mengine yamerithiwa kutoka magari ya aina nyingine. Mengine yanamtia mtu gharama mara mbili, na moja, nitakalolifikia baadaye, linaweza kumdhuru fundi wako kwa namna ambayo hakuna spea itakayoirekebisha.

Kombi ninayoizungumzia ni ile ya pili ya Volkswagen, T2, yenye kioo kimoja kipana cha mbele. Ilianza kutoka kiwandani Hannover, Ujerumani, Agosti 1967, ikaendelea huko hadi 1979. Brazil waliendelea kuiunda hadi Desemba 2013. Kampuni ya Westfalia iliifunga vitanda, kabati, jiko na paa la kunyanyuka, ikawa nyumba ya safari. Kenya ya miaka ya 1970 iliijua kwa sura nyingine: kombi za kampuni za utalii zilizokatwa paa ili wageni wasimame na kutazama wanyama. Baadhi ya zile zilizobaki zimepata wamiliki wapya, wakaziwekea godoro na mtungi wa gesi. Gari la umri huu limepita mikono mingi, na kila mkono umeacha kitu ndani yake. Hapo ndipo matatizo ya kuchagua klachi yanapoanzia.

"Mwaka ulioandikwa kwenye kadi unatosha kuagizia."

Si kweli, na hili ndilo kosa linalowaumiza watu wengi kuliko yote.

Kwanza, kiwanda kilihesabu mwaka wake kuanzia Agosti. Gari lililoundwa Septemba 1970 ni modeli ya 1971. Kadi ikisema 1970, haijadanganya. Imesema lini gari lilizaliwa, haikusema ni la kundi gani. Na kwenye klachi, tofauti kati ya modeli ya 1970 na ya 1971 ni kubwa, kama utakavyoona hapa chini. Njia nzuri ya kuujua mwaka wa modeli ni namba ya chasisi. Kwa kombi hizi namba huanza kwa tarakimu mbili za aina ya gari, kama 21, 22 au 23, na tarakimu ya tatu ndiyo mwaka. Namba inayoanza 231 ni ya modeli ya 1971. Inayoanza 234 ni ya 1974.

Pili, hata ukiujua mwaka wa modeli, umejua lilivyotoka kiwandani tu. Injini ya kombi hushuka kwa boliti nne zinazoishika kwenye gia boksi na vishikizo vya nyuma, na kwa sababu hiyo watu wamezibadilisha kwa miaka 50 bila kuacha barua. Kuna injini za aina mbili za kupozwa kwa upepo zilizotoka na T2. Ile ya 1600 ina nyumba ya feni iliyosimama wima, na dainamo au alteneta imekaa juu kwenye kiti chake. Zile kubwa, za 1700, 1800 na 2000, zilianza kuonekana kwenye modeli za 1972. Zimelala bapa, na feni iko nyuma kabisa, mwisho wa krenki. Fungua mlango wa injini utazame. Macho yako yatakuambia zaidi ya kadi.

Kwa kawaida 1600 huchukua klachi ya milimita 200, 1700 na 1800 huchukua 215, na 2000 iliyoanza na modeli za 1976 huchukua 228. Nimesema kwa kawaida, kwa sababu zimo 1600 zilizofungwa flaiwili ya 215, na kombi yangu ndiyo iliyonifundisha hilo. Kwa hiyo kipimo cha kweli ni kimoja: shusha injini, toa diski ya zamani, weka rula kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha agiza. Najua hili linamaanisha gari litakaa chini likisubiri spea. Afadhali lisubiri spea sahihi kuliko lisubiri mara mbili. Na ukiona diski ya zamani imechorwa namba za kiwanda, zinakili zote, hata zile usizozielewa.

"Klachi ikiteleza, diski imekwisha."

Nusu kweli. Unajua klachi inateleza pale unapopanda mlima kwa gia ya tatu, unakanyaga mafuta, injini inapaza sauti, lakini gari haliongezi mwendo. Mara nyingi diski kweli imekwisha. Lakini kabla hujatoa hata shilingi moja, ingiza mkono chini na uisukume pedali ya klachi taratibu. Inatakiwa iende bure kiasi cha milimita 10 hadi 20 kabla hujaisikia kuwa nzito. Ikiwa ni nzito tangu mwanzo, basi rilizi beringi inaibana presha pleti muda wote, na klachi inateleza hata kama diski bado ina nyama. Dawa iko kwenye mwisho wa waya wa klachi, kushoto mwa gia boksi, ambapo kuna nati yenye masikio unayoizungusha kwa vidole. Kazi hiyo haimalizi nusu saa.

Sababu nyingine ni mafuta. Diski ikilowa, inateleza au inatetemeka wakati wa kuondoka. Mafuta yanaweza kutoka sehemu mbili: kwenye sili kubwa iliyo nyuma ya flaiwili, ambayo huvujisha mafuta ya injini, au kwenye sili ya shafti ya gia boksi, ambayo huvujisha mafuta ya gia. Yanuse. Mafuta ya gia yana harufu kali inayokaa puani. Ukifunga klachi mpya bila kujua ni sili ipi inavuja, umenunua klachi ya miezi michache. Na diski iliyolowa isioshwe kwa petroli ikarudishwa. Bitana yake imekwisha kunyonya, na joto litayatoa mafuta yale tena.

Mtetemeko nao hudanganya. Waya wa klachi wa kombi hutoka kwenye pedali mbele hadi gia boksi nyuma, karibu mita tatu, na sehemu yake ya mwisho hupita ndani ya mrija wa kupindika. Mrija huo unatakiwa ulegee kidogo, uwe na tumbo la milimita 25 hadi 45. Ukinyooka, gari litatikisika kila linapoondoka, na kila mtu atalaumu klachi. Raba za kushikia gia boksi zikichoka, matokeo ni yaleyale. Angalia vitu hivi viwili vya bei nafuu kwanza.

Ukiwa na T3, ile ya umbo la sanduku iliyofuata kuanzia 1979, hakuna waya. Klachi yake inasukumwa na mafuta, na chombo cha mafuta hayo ni kilekile cha breki. Gia zikikataa kuingia kwenye T3, anza na masta silinda ya juu na silinda ndogo ya chini kabla hujazungumza habari za seti mpya.

"Nimebana matumizi: nimenunua diski peke yake."

Huo si ubanaji. Ugumu wa klachi ya kombi haumo kwenye klachi yenyewe. Umo katika kuishusha injini na kuirudisha. Ukiwa umelipia kazi hiyo, kubakiza presha pleti iliyochoka na beringi inayolia ni kujiwekea miadi ya kuilipia tena. Seti kamili ina vitu vitatu: diski, presha pleti na rilizi beringi. Vibadilishe vyote.

Lakini hata hiyo inayoitwa seti kamili haijakamilika. Ndani ya nati kubwa inayofunga flaiwili ya 1600 kuna beringi ndogo ya sindano inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi. Haimo kwenye sanduku la seti, na ikikauka hulia na kuikwangua shafti. Sili ya nyuma ya flaiwili nayo haimo. Wala waya wa klachi haumo. Mimi nisingefunga injini tena bila vitu hivyo vitatu vipya, kwa sababu kwa pamoja bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na diski moja.

Kuhusu waya, kuna jambo linalotuhusu hasa sisi wa Afrika Mashariki. Diski na presha pleti hazijui usukani uko upande gani, lakini waya unajua. Kombi zetu nyingi zina usukani kulia, na spea nyingi zinazotoka Ujerumani zimetengenezwa kwa gari lenye usukani kushoto. Urefu wa waya hubadilika pia kwa mwaka. Taja usukani unapoagiza, na upime waya wa zamani kabla ya kuutupa.

"Rilizi beringi ni beringi tu, zote zinaingia."

Si kweli hata kidogo. Hapa ndipo ile tofauti ya 1970 na 1971 inapouma.

Kwenye gia boksi za zamani, beringi hushikwa na uma kwa vibanio viwili tu, inaelea, na kwa kuwa inaelea inahitaji mahali pa kutulia. Kwa hiyo presha pleti yake ina pete katikati, juu ya vidole vya springi, na beringi hugusa pete hiyo. Kwa modeli za 1971 kiwanda kilibadilisha mpango: kikafunga mrija kwenye uso wa gia boksi, shafti ikipita ndani yake, na beringi ikateleza juu ya mrija huo ikiwa imenyooka muda wote. Presha pleti ya mpango huu haina pete. Beringi hugusa vidole vyenyewe.

Ukichanganya, utafunga kila kitu vizuri, boliti zitaingia, injini itapanda, halafu klachi haitaachia sawasawa. Ukiweka presha pleti yenye pete kwenye gia boksi yenye mrija, nafasi inakosekana na beringi inabana. Ukiweka isiyo na pete kwenye gia boksi isiyo na mrija, beringi inatanga juu ya vidole na kuvila. Mtu anarekebisha waya mchana kutwa, anabadilisha waya, analaumu pedali, na kosa limefungiwa ndani.

Injini ikiwa chini, chungulia ndani ya kengele ya gia boksi ukiwa na tochi. Kama shafti inatokea ndani ya mrija uliofungwa kwa nati, unahitaji presha pleti isiyo na pete. Kama shafti iko wazi na beringi inacheza kwenye uma wake, unahitaji yenye pete. Usiulize injini swali hili. Jibu liko kwenye gia boksi, na injini na gia boksi vya kombi kuukuu mara nyingi havikuzaliwa pamoja. Baadhi ya presha pleti huuzwa zikiwa na pete iliyobanwa kwa vishikizo, inayoweza kutolewa. Muulize muuzaji kabla ya kuibandua kwa bisibisi.

"Gari lina vitanda, friji na tangi la maji, kwa hiyo linahitaji klachi ngumu ya mashindano."

Nimelisikia hili kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na bado si kweli. Presha pleti hubana diski ili nguvu ya injini isiponyoke. Kiasi cha kubana kinachohitajika hutegemea msokoto unaotoka kwenye krenki, na kabati za mbao hazimo katika hesabu hiyo. Injini ya 1600 ina nguvu za farasi kama 50, na ile ya 2000 ina kama 70. Klachi ya kiwandani ya kipimo sahihi inazibeba bila shida.

Uzito wa gari unaongeza kitu kingine, yaani joto wakati wa kuondoka. Gari zito linachukua muda zaidi kushika mwendo, na muda huo wote diski inasuguana. Dawa ya joto hilo iko mguuni: ondoka na gia ya kwanza kila mara, achia pedali bila kuchelewa, na mlimani tumia breki ya mkono badala ya kulishikilia gari kwa klachi.

Klachi ngumu ina bei yake. Pedali inakuwa nzito, waya unakatika mapema, ndoano ya pedali inalika, na shafti ya uma inapinda. Kibaya zaidi kimejificha. Kila unapokanyaga pedali, beringi inaisukuma presha pleti, presha pleti inaisukuma flaiwili, na flaiwili inaisukuma krenki. Msukumo huo unapokelewa na uso mdogo wa beringi kuu iliyo upande wa flaiwili. Uchezaji wa krenki kwenye injini hii unatakiwa uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13, na ukifika 0.15 umefika mpaka. Kuongeza springi kali bila sababu ni kuila injini kwa mguu. Kama hukuifungia kombi yako injini kubwa ya gari jingine, chagua ya kiwandani.

Diski za vipande vya shaba au kauri ziepuke kabisa kwa gari la kulala. Hushika ghafla, na vyombo vyako vyote vitatoka kabatini. Kuhusu diski yenye springi katikati na ile isiyo nazo, zote mbili zinafanya kazi. Yenye springi huondoka kwa ulaini zaidi, na kwa safari ndefu ndiyo ningeichukua. Ila ina upande. Kitovu kilichotokeza kisiangalie flaiwili. Diski nzuri huandikwa upande wa kuangalia flaiwili, na maandishi hayo yasomwe kabla boliti hazijakazwa.

"Flaiwili ni chuma, haichakai."

Inachakaa. Tazama uso wake: madoa ya buluu ni dalili ya moto mkali, nyufa nyembamba kama nywele ni dalili mbaya zaidi, na mifereji unayoisikia kwa ukucha inatosha kuipeleka kwa mchonga vyuma. Nyufa zikiwa ndefu, tafuta nyingine.

Mchongaji aambiwe jambo moja bila kumung'unya. Uso wa flaiwili hii unaosuguana na diski uko chini kidogo kuliko ukingo unaopokea presha pleti. Akichonga uso wa ndani peke yake, kimo kati ya nyuso hizo mbili kinaongezeka, na presha pleti mpya haitabana inavyotakiwa. Apunguze kote kwa kipimo kimoja.

Na kama flaiwili ya 1600 imetolewa, kuna washa tatu nyembamba nyuma yake zinazoamua ule uchezaji wa krenki. Zisipotee na zisichanganywe na za injini nyingine. Nati yake kubwa hukazwa kwa niutoni-mita 340 na zaidi kidogo, nguvu ambayo mkono mtupu na spana ya kawaida haviifikii. Fundi asiye na spana ya kupimia au bomba refu la kuongezea, mwombe aazime. Injini za 1700 hadi 2000 zina boliti tano badala ya nati hiyo moja.

"Sanduku lenye jina kubwa halidanganyi."

Si kweli. Sachs, iliyoanzishwa Schweinfurt mwaka 1895, na LuK, iliyoanzishwa Bühl mwaka 1965, ni majina ninayoyaamini kwa kombi, na kwa bei yake sijajuta. Lakini sanduku ni karatasi, na karatasi huchapwa popote. Fungua sanduku mbele ya muuzaji. Linganisha namba ya sanduku na namba iliyopigwa kwenye chuma. Tazama vidole vya springi kama viko kimo kimoja pande zote. Tazama kama ripiti za diski zimezama sawasawa ndani ya bitana. Ingiza diski kwenye shafti ya gia boksi yako mwenyewe. Iteleze bila kulazimishwa na isitikisike. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukifanya haya dukani kwake.

Mtumba nao una waumini wake, wanaosema klachi ya Ulaya iliyotumika ni bora kuliko mpya ya hapa. Kwa kioo cha mlango, sawa. Kwa kitu kinacholiwa kwa kusuguliwa, kilichofichwa nyuma ya injini, siwezi kukubali.

"Vumbi la klachi ni vumbi kama vumbi lolote."

Hili ndilo nililolisema mwanzoni, na naomba ulisome hata kama mengine umeyaruka. Bitana za klachi na breki za miaka ile zilitengenezwa kwa asbestosi, kwa sababu inastahimili joto. Nyuzi zake ni nyembamba kiasi kwamba huzioni hewani, na zikifika kwenye mapafu hazitoki. Saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka huweza kujitokeza miaka 20, 30 au zaidi baadaye, wakati kijana aliyekuwa akipuliza klachi gereji amekuwa mzee. Ujerumani iliipiga marufuku 1993, Uingereza 1999, na Umoja wa Ulaya wote ukafunga mlango 2005.

Kombi ambayo injini yake haijashushwa tangu zamani inaweza kuwa na vumbi hilo ndani ya kengele ya gia boksi. Na seti "mpya kabisa, orijino, imekaa stoo tangu enzi zile" inayosifiwa dukani inaweza kuwa na bitana ya asbestosi ndani ya sanduku lake zuri la kale. Usiinunue, hata kama ni ya bure.

Kwa kazi yenyewe: hakuna kupuliza kwa kompresa. Hakuna kufagia pakavu. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa vitambaa vilivyolowa, vitie kwenye mfuko na kuufunga. Fundi avae barakoa ya kichujio, si kitambaa cha kujifunga usoni. Watoto na vijana wanaojifunza kazi wasogezwe mbali. Barakoa moja ni rahisi kuliko lita moja ya mafuta ya injini. Ikiwa fundi hana, mnunulie wewe.

"Klachi mpya ibembelezwe mwanzoni."

Kweli. Kilomita 500 hadi 800 za kwanza ziwe za mjini, za kuondoka na kusimama, bila kuvuta trela na bila kupanda mlima ukiwa umejaza. Bitana na chuma vinahitaji kuzoeana. Baada ya hapo pima tena uchezaji wa pedali, kwa sababu utakuwa umebadilika. Na ni kweli pia kwamba mguu unaopumzishwa juu ya pedali njia nzima unaiua rilizi beringi.

"Mwenye gari hana haja ya kuyajua haya, ni kazi ya fundi."

Si kweli kwa gari la umri huu. Fundi mzuri anajua kufunga klachi, lakini hawezi kujua nani aliingiza injini ipi ndani ya kombi yako mwaka 1988. Wewe ndiye unayekaa nayo. Siku injini itakaposhushwa, uwepo. Piga picha flaiwili ikiwa imesafishwa, piga picha gia boksi ukionyesha kama kuna mrija au hakuna. Pima diski. Kisha chukua kalamu isiyofutika na uandike ndani ya mlango wa injini: kipimo cha klachi, yenye pete au isiyo na pete, namba ya seti, tarehe na kilomita. Mwenye kombi atakayekuja baada yako ataisoma, na hatakaa wiki sita akingoja kama nilivyokaa mimi.